Maua Niliyoambiwa Nichome

Ng'ombe alikuwa amesimama nyuma ya ghala, kichwa amekiingiza kwenye kivuli chembamba cha ukuta, na jua la saa sita lilikuwa likimchoma mgongo. Alikuwa na mabaka meusi na meupe. Kwenye meusi ngozi ilikuwa nzima, iking'aa. Kwenye meupe ilikuwa imekauka na kupasuka, inabanduka kama ganda la yai lililochemshwa. Ugonjwa ulikuwa umefuata mpaka wa rangi zile mbili bila kuuvuka hata mahali pamoja. Nilimzunguka mara mbili nikitafuta pale ulipokosea, nisipaone. Pua yake ilikuwa na vidonda, machozi yalimchuruzika, na ndani ya jicho palikuwa pamegeuka manjano.

"Umeona?" Shangazi Marwei alisema nyuma yangu. Sikuwa nimemsikia akija. Yeye hakuwa mtu wa kusikika akija. "Ugonjwa gani unaochagua rangi? Ugonjwa wa Mungu ni kipofu. Huu una macho."

"Sijui, Shangazi."

"Ng'ombe wote wa zizi hili wamekonda kwa njaa, lakini ni wazima. Anayeoza ni huyu peke yake. Haya, nani kamleta huyu?"

Alijua kwamba ninajua nani kamleta, na mimi nilijua kwamba jibu langu la kunyamaza amelipokea na kuliweka mahali pake.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku, na sisemi kwa majivuno. Nikipewa zawadi naigeuza kuangalia nyuma. Maziwa nayanusa kabla ya kuyatia kwenye chai, hata kama nimeyakamua mwenyewe. Mama alikuwa akisema kwamba nimenyonya kwa Shangazi Marwei. Shangazi hakuwahi kuzaa, kwa hiyo alichomaanisha ni kitu kingine. Sasa ninakaribia miaka hamsini na tabia hiyo ninayo bado, ila nimejifunza jambo moja juu yake. Siku zote imekuwa ikitazama upande usio wenyewe.

Yule alikuwa ng'ombe wa mama. Kwetu Zimunya, binti anapoolewa, yapo mambo ya baba na ukoo wake, na hayo hujadiliwa, hupunguzwa, hungojewa hata miaka kumi. Lakini kuna ng'ombe mmoja ambaye ni wa mama peke yake, kwa ajili ya tumbo lililobeba mimba. Lazima awe hai, awe jike, aingie uwanjani kwa miguu yake. Hageuzwi fedha. Tena si mama tu anayempokea. Wanampokea pia waliomzaa mama, wale waliokwisha kulala chini. Ng'ombe huyo akizaa, ndoa imekubaliwa huko waliko. Akifa kabla ya kuzaa, watu wanaacha kuongea unapopita.

Aliyemleta ni Taurai, mume wa dada yangu Netsai. Taurai alikuwa mchimba visima kutoka Buhera, nchi kavu kuliko kwetu, na alifika Zimunya kuongeza kina cha kisima cha zahanati. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alinusa kila kitu. Udongo ukitolewa shimoni aliushika, akausugua kiganjani, akaunusa, kisha akasema maji yako mbali kiasi gani. Netsai alikuwa akifagia zahanati. Sijui alimnusa nini, lakini baada ya miezi minne mshenga wake alikuwa amekaa mkekani kwetu.

Mimi na Taurai tulitaniana tangu siku ya kwanza, maana mimi ni shemeji yake mdogo na ndivyo inavyopasa.

"Mke wangu mdogo, umeniwekea nini leo?"

"Nimekuwekea njaa. Iko kwenye sufuria, funua."

"Basi nipakulie nyingi. Ile ya jana niliimaliza yote."

Kabla hata ya kumleta ng'ombe, alishuka kwenye kisima cha mama kilichokuwa kimekauka, akachimba siku kumi na moja, akatoka siku ya kumi na mbili amelowa magoti. Hakuombwa na mtu. Ule ulikuwa mwaka 1992, mwaka ambao wazee walikosa wa kuulinganisha nao. Mahindi yalifia shambani yakiwa na urefu wa mtoto anayetambaa, na sote tulikuwa tukila ugali wa mahindi ya njano ya msaada. Mwaka huo Taurai alitupa maji. Kisha akaleta ng'ombe. Alimshusha kwenye lori barabara kuu, akamtembeza taratibu mpaka kwetu, mwenyewe akibeba viatu mkononi. Mama alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka.

Hapo ndipo yanapoingia maua yangu.

Miaka mitatu kabla yake nilikuwa nimepata kazi kwenye kitalu kimoja cha maua mjini Mutare. Mwenyewe alikuwa mama wa Kizungu tuliyemwita Bibi Pringle, na mnyapara wetu alikuwa mzee anayeitwa Sande. Palikuwa na mmea mmoja niliokuwa nikiupenda kuliko yote. Kichaka kifupi, majani yenye kukwaruza kidogo, na maua madogo yaliyokaa pamoja kama vifungo, katikati manjano, pembeni mekundu, mengine yakigeuka rangi ya waridi kadiri yalivyozeeka. Hayakuhitaji maji. Hayakuhitaji mbolea. Asubuhi moja Bibi Pringle alikuja akiwa amekunja uso, akamwambia Mzee Sande vichaka vyote vya aina ile ving'olewe na vichomwe, hata kijiti kisibaki. Hakusema kwa nini, na hakuna aliyemuuliza.

Mimi kwa kushuku kwangu nikajua sababu. Nilikuwa nimewahi kuona matajiri wakimwaga maziwa mtaroni kuliko kuwapa watu. Nikasema moyoni, ndiyo haya. Vimebaki bila kununuliwa, na anaona heri viwe majivu kuliko vipambe nyumba ya mtu mweusi. Nilipotumwa kupeleka rundo kwenye moto, nilikata vipandikizi ishirini, nikavizungushia gazeti lililoloweshwa maji, nikavificha chini ya nguo kwenye mfuko wangu. Nyumbani nilimwambia mama kwamba Bibi kanizawadia kwa kazi nzuri.

Vilishika vyote ishirini. Mama alivipanda kuzunguka uwanja, na baada ya mvua mbili tulikuwa na uzio wa maua ambao watu waliacha njia kuja kuuangalia. Wanawake waliomba vipandikizi, mama akawapa, akiwaambia kila mmoja, "Ni Revai huyu, mwanangu anayefanya kazi ya maua mjini." Mke wa mkuu wa kijiji mwenyewe alikuja, akapiga viganja, akaomba vitano. Vichaka vilizaa matunda madogo meusi, ndege wakayala, na kabla ya mwaka kwisha viliota vingine kando ya kijito, mahali ambapo hakuna aliyepanda. Tulifurahi. Tulidhani nchi imekubali.

Kwa hiyo ng'ombe wa mama alipofika, mama hakutaka aende mlimani na wengine, apotelee kundini. Huyu ni wake. Alipigilia kigingi uwanjani, karibu na uzio, akamfunga kwa kamba ndefu ili akiwa jikoni akigeuza shingo tu amwone. Ilikuwa ni heshima, na yeyote kati yetu angefanya hivyohivyo. Wiki ya tano ng'ombe aliacha kula, akaanza kukimbia jua.

Habari zilimfikia Taurai Buhera, akaja na Netsai. Ijumaa waliyofika nilikuwa nimerudi nyumbani, na Shangazi alinivuta nyuma ya ghala tena.

"Nimelipata," alininong'oneza. "Ng'ombe huyu ni wa mama mwingine. Ukame umewamalizia mifugo, hana wa kutoa, kachukua ng'ombe wa mama yake mzazi au wa mama wa jirani, kamleta hapa. Kampora mama mmoja kampa mwingine! Unadhani waliolala watanyamaza?"

"Una hakika, Shangazi?"

"Hakika ya nini? Mtazame tu. Mwenye hatia haachi kutapatapa."

Nikamtazama. Siku nzima macho yangu yalikuwa mgongoni kwake. Nilimwona akipiga goti mbele ya ng'ombe, akimfungua kinywa, akimnusa pumzi. Nilimwona akivunja kinyesi kikavu kwa kijiti. Halafu akatazama jikoni, akaona mama ameinama mekoni, akausogelea uzio. Alichuma majani kadhaa, akayasugua kiganjani, akayanusa, akakunja uso. Akatoa leso, akayafunga na kuyatia mfukoni. Nilikuwa nyuma ya mlango wa ghala, hatua sita kutoka kwake, na moyo ulinidunda kama wa mwizi, wakati mwizi niliyekuwa namwona ni yeye.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Shangazi. Sikusubiri hata jioni.

"Kachukua kitu kwenye uzio," nikasema. "Kakificha mfukoni."

Shangazi alifumba macho kwa raha. "Anatoa dawa aliyoiweka. Umefanya vizuri, mwanangu. Sasa tunaye."

Jumanne iliyofuata, nikiwa kitaluni nikijaza udongo kwenye mikebe, niliinua kichwa nikamwona Taurai getini, kofia mkononi. Hakunitania. Aliiweka ile leso juu ya meza ya miche, akaifungua. Majani yalikuwa yamenyauka, lakini harufu yake ilikuwa ileile, kali, kama ya mkojo wa paka.

"Nimeyapeleka kwa mtu wa josho la ng'ombe," alisema. "Hata hakuyagusa. Aliyaona tu akaniuliza, ng'ombe wako ana mabaka meupe? Nikamwambia ndiyo. Akasema, basi yanabanduka meupe tu, macho ya manjano, anakimbia jua. Kanieleza ugonjwa wote na hajamwona ng'ombe, shemeji."

"Mtu wa josho anajua nini kuhusu maua?"

"Anasema hii ni mbarapati."

Nikacheka. Mbarapati tuliijua sote, gugu la miiba kwenye mito ya mashamba makubwa, linalochana nguo. "Haya ni maua ya mjini, Taurai. Mbarapati ina miiba."

"Nami nilimwambia hivyo. Akasema hii ni mbarapati iliyovaa nguo za kanisani." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Ng'ombe wenu wameyazoea, wanayakwepa. Wa kwangu ametoka Buhera, hajawahi kuyaona. Kafungwa mbele ya kitu kibichi mwaka usio na kitu kibichi. Angefanyaje?"

Nilikuwa nikimtazama mikono, nikitafuta pale uongo ulipojificha.

"Shangazi kaitisha kikao Jumapili," akaendelea. "Netsai keshaambiwa asirudi na mimi mpaka nijieleze. Mimi siwezi kuyasema haya, unajua. Nitakaaje mbele ya mama mkwe nimwambie uwanja wako ndio wenye sumu, na wewe ndiye uliyemfunga pale? Hata wakinisikia, nitakuwa nimemvua nguo. Lakini wewe ni mtoto wa nyumba. Na maua umeleta wewe. Ukisema wewe, yanakuwa makosa tu, hayana mwenyewe. Watacheka, yatakwisha."

"Na nisiposema?"

Alinitazama kana kwamba swali lenyewe hakulitegemea. "Utaacha kusema kwa nini?"

Nikamwambia nitasema. Alipoondoka nilijipa sababu kumi za kutomwamini. Mtu aliyebanwa hutafuta pa kutokea. Mtu wa josho ni nani, na kanywa pombe ya nani? Mbona majani kayachuma kwa siri? Nilizipanga vizuri, moja juu ya nyingine. Halafu mchana, wakati wa chai, nilikwenda kwa Mzee Sande nikamuuliza kama jambo la kupitisha muda: vile vichaka tulivyochoma mwaka ule, kwani vilikuwa na nini?

"Hukujua?" Mzee Sande alipuliza chai yake. "Mkaguzi wa serikali alikuja. Inaua ng'ombe, ile. Ikitoka bustanini haishikiki tena. Bibi alikuwa na hofu ya kushtakiwa, ndiyo maana akafunga mdomo. Bahati nzuri tulichoma yote."

"Bahati nzuri," nikasema.

Jumamosi ng'ombe alikufa. Jumapili, baada ya kanisa, walikaa sebuleni kwetu ndugu wa baba, Shangazi Marwei juu ya mkeka wake, mama ukutani na kitambaa usoni. Netsai alikaa karibu na mama. Taurai alikaa chini kabisa karibu na mlango, miguu ameikunja, akipiga viganja taratibu kila alipotajwa, kama inavyompasa mkwe.

Shangazi hakufoka. Angefoka ningepata ujasiri. Alimwita kwa jina la sifa la ukoo wake, kwa upole wote.

"Museyamwa. Ng'ombe tumemzika hatukumla. Hata mbwa hatukuwapa. Tunauliza tu, alikuwa wa nani?"

"Alikuwa wangu, Shangazi. Alizaliwa zizini kwangu."

"Na kwenye uzio ulichukua nini?"

Viganja vyake vilisimama. Aligeuza kichwa, akanitazama mimi. Aliniangalia tu, akingoja, kama mtu aliyekushikia mlango. Mama akaondoa kitambaa usoni, akasema kwa sauti iliyopasuka, "Mimi nilimfunga pale ili nimwone. Nilitaka nimwone tu." Ni maneno hayo yaliyonifunga. Nikisema, mama ndiye aliyemuua ng'ombe wake kwa mkono wake mwenyewe. Nikisema, zile zawadi za Bibi zinakuwa wizi, na vile vipandikizi mama alivyogawa kijiji kizima kwa jina langu vinakuwa sumu niliyoambiwa nichome. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, nikadhani ni huruma. Ilikuwa woga. Nilitazama mkeka, nikaanza kuhesabu misuko yake.

"Nilichukua majani," Taurai alisema mwishowe. "Ng'ombe alitoka kwangu mzima. Sina zaidi."

Shangazi alitamka hukumu yake bila kupandisha sauti: Netsai atakaa hapa mpaka ng'ombe mwingine aingie uwanjani kwa miguu yake. Netsai alimtazama mumewe, kisha mama, kisha akatazama mikono yake. Hakulia mbele ya watu.

Nilikuwa nimesimama kando ya uzio Taurai alipotoka. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alivaa kofia yake.

"Kaa salama, Revai," akasema.

Hakuwahi kuniita kwa jina langu kabla ya siku ile.

Ng'ombe mwingine hakuja. Mwezi wa kumi Buhera walikuwa wakiburuta mizoga ya ng'ombe kwa mikokoteni ya punda, na punda nao wakafa. Taurai alivuka mpaka kwenda Johannesburg kuchimba visima vya watu wengine. Miaka miwili baadaye ilikuja barua, na ndani ya barua palikuwa na gupuro, ile sarafu moja ambayo kwetu mume akimpa mke, mke yuko huru. Shangazi aliishika sarafu, akaigeuza huku na huku.

"Na barua inasemaje?"

"Salamu tu," Netsai alisema, akaikunja mara nne.

Tangu siku ile nilianza kumshuku dada yangu. Kila Krismasi nilipokuja, nilimchunguza. Aliponipakulia nyama kabla ya wengine, nilijiuliza kwa nini. Aliponiuliza habari za kazini, nilitafuta ncha iliyofichwa ndani ya swali. Hakuwa na ncha. Alikuwa mpole, mchapakazi, hakuolewa tena. Shangazi Marwei alikufa akijua kwamba alikuwa sahihi. Mama alimfuata mwaka 2009, na mpaka mwisho alikuwa akiupogoa uzio kwa mkono wake na kuwaambia wageni nani aliyeyaleta maua yale. Baada yake Netsai aliendelea kuupogoa.

Mlima hakuupogoa mtu. Nenda leo uone. Mbarapati imeshuka kijitoni, imepanda mpaka juu, imefunika malisho, imefunga njia ya makaburi, na ile ya mlimani imeota miiba kama ndugu zake wa mtoni. Ng'ombe wanazungushwa maili tatu kutafuta nyasi. Vijana wanaikata, inachipua. Wanaichoma, ndege wanaileta tena. Wakati wa maua ni nzuri mno, na watu wanaopita kwenye mabasi hupiga picha.

Agosti iliyopita nilikwenda kumtembelea Netsai. Nilikaa kwenye kigoda cha mama, mlangoni pa jiko, yeye akisonga ugali. Ana ng'ombe mmoja sasa, jike mwekundu, amemfunga uwanjani. Nilikuwa nikimtazama bila kufikiri. Ng'ombe aliusogelea uzio, akanyoosha shingo, akatoa ulimi. Kamba ikakaza. Ulimi uliishia hatua mbili kabla ya maua. Akasogea kulia, akajaribu tena. Hatua mbili. Akasogea kushoto. Ardhini palikuwa na alama ya mviringo, iliyokanyagwa miaka na miaka, na kila mahali mviringo ule ulikuwa umbali uleule kutoka kwenye maua. Hata kigingi hakikuwa pale mama alipokiweka.

Ningeweza kunyamaza. Nina uzoefu.

"Netsai," nikasema, "kamba hii nani kaipima?"

"Mimi."

"Mbona fupi hivi?"

Hakuinua kichwa. Aligeuza ugali mara mbili, akaukandamiza pembeni mwa sufuria. "Aliyefanya kazi ya maua si wewe? Wewe niambie."

Maneno niliyoyaweka miaka ishirini na mitano yalitoka vipandevipande, bila mpangilio: moto, gazeti la maji, leso, Mzee Sande. Nilisema yote, hata la kwenda kwa Shangazi kabla ya jioni. Alinisikiliza akipakua.

"Ulijua lini?" nikamuuliza.

"Tangu barua."

"Ulisema ni salamu tu."

"Salamu zilikuwamo. Zako zilikuwamo pia. Alisema nisikuulize, utasema mwenyewe." Akafunika sufuria. "Nikangoja. Sikudhani utachukua muda wote huu."

"Kwa nini hukumwambia mama?"

"Mama alikuwa akiyapenda."

Nilitazama uzio. Ulikuwa umepogolewa vizuri kuliko uzio wowote niliowahi kuuona kwa Bibi Pringle, juu umenyooka, chini umefagiliwa, manjano na nyekundu kutoka kona hadi kona. Mikono iliyofanya kazi ile ilikuwa mbele yangu, imejaa mikwaruzo mipya juu ya ya zamani.

"Na mama alipokufa? Mbona hukuung'oa?"

Ndipo aliponitazama.

"Niung'oe," alisema, "halafu wewe ukija uone nini?"

Nililia kidogo, yeye akaniacha nilie, bila kunibembeleza wala kunikaripia. Ng'ombe alikuwa amelala katikati ya mviringo wake, akicheua.

"Panga liko wapi?" nikauliza nilipopata sauti.

"Kesho. Mizizi yake ni mirefu, itatuchukua wiki. Njoo unawe, ugali unapoa."

Alileta birika na beseni, akapiga goti mbele yangu na kunimiminia, kama anavyonawishwa mgeni. Maji yalikuwa ya kisima kile cha mama, ambacho hakijakauka tangu mwaka 1992. Yalikuwa baridi. Nilinawa taratibu, nikanyoosha mikono tena, naye akanimiminia tena.